Barua kwa mwanangu kabla hujarudi kambini

Hamisi mwanangu, salaam alaykum,

Naandika kwa sababu nikikupigia unasema "sawa mama, sawa mama" halafu unakata, na hili silitaki liishie kwenye sawa mama. Neema kaniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi mpaka akasema. Kaniambia mwezi wa nne kwenye mazoezi ya huo mpira wenu wa Kimarekani uligongwa kichwa ukawa unaona vitu viwiliviwili, hukumwambia kocha wala yule dada wa huduma ya kwanza, ukarudi kwenye mstari ukaendelea kugongana na wenzio. Kumbe ndo maana wikiendi ile uliniomba nizime taa ya jikoni ukala gizani, mi nikadhani umechoka na mitihani.

Baba, kichwa kikigongwa, sema. Hilo ndo la barua hii, mengine yote ni ya juu juu tu.

Najua utasema mama hajui mpira. Nimekaa hapa Columbus, Ohio, miaka yote hii, hapa hata usipoutaka unaujua, Jumamosi ya mechi huwezi kupita barabarani, uwanja unaingiza watu zaidi ya laki moja, halafu nusu ya mji imevaa nyekundu. Na tangu uingie timu ya chuo nimejifunza, nabishana na watu kazini kuhusu difensi, na msikitini wananiita mama wa namba yako, naona raha, sikufichi. Nilivyokuona mwaka jana unatoka kwenye lile handaki la kuingilia uwanjani mbio na wenzio nilipiga vigelegele mpaka wazee wa Kizungu wakageuka. Kwa hiyo sikuandikii uache mpira, sijasema hivyo na usije ukamwambia baba yako mdogo kwamba nimesema hivyo.

Ila msimu wa 2024 wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa mjini, tuliuangalia wote hapa sebuleni, sina haja ya kukusimulia, nataka tu uutazame kwa upande ninaoutazama mimi. Nyie wote mnakumbuka Jeremiah Smith alivyodaka ule mpira wa mwisho kwenye fainali kule Atlanta. Mi namkumbuka Josh Simmons, yule aliyekuwa anamlinda mrushaji wao. Oktoba kule Oregon, mechi waliyofungwa 32-31, goti likamwishia pale, msimu ukaisha. Novemba yule senta wao, yule wa kati anayeanzisha mchezo, Seth McLaughlin, akakatika mshipa wa kisigino mazoezini, naye basi. Watu wakalia hapa, wakasema timu imekwisha, na Novemba 30 Michigan walivyokuja kuwafunga 13-10 nyumbani kwao, wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, zikapigwa mpaka polisi wakapuliza pilipili, mji mzima ukawa msiba, kila mtu anataka kocha Ryan Day afukuzwe. Ikawaje? Walikuwa wameshamtoa Donovan Jackson kwenye nafasi yake wakamweka pale kwa Simmons kumlinda mrushaji Will Howard, wakaingia kwenye mtoano wa timu 12, Tennessee 42-17, Oregon hao hao 41-21, Texas 28-14, na Januari 20 Notre Dame 34-23. Ubingwa. Timu iliyofungwa mara mbili, bila Simmons, bila McLaughlin.

Sasa niambie Simmons kapoteza nini kwa kukaa nje. Mwezi wa nne 2025 Kansas City, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, walimchukua raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji, mtu wa 32, goti lake hilo hilo. McLaughlin walimpa tuzo ya Rimington, senta bora wa nchi nzima, na kashaumia yuko nje. Hakuna aliyewaambia ni waoga. Na timu ilienda bila wao, ndo timu zilivyo, na ya kwenu itaenda bila wewe wiki mbili tatu na haitakufa.

Tofauti ni kwamba goti na kisigino vinaonekana, mtu anaanguka, anabebwa. Kichwa hakionekani! Utasimama, utatembea, utapigana mikono na wenzio, na hakuna atakayekubeba usiposema mwenyewe. Ndo kinachoninyima usingizi, maana wewe tangu mdogo ni mtu wa kuficha, hata jino likiuma unatafuna upande mmoja kimya mpaka shavu linavimba.

Siku ile mechi ilivyoisha tukashuka uwanjani kupiga picha ulinipa helmeti yako nishike. Hukuona nilivyoigeuza. Pale mbele juu ya macho rangi yenu imechubuka yote, na kwenye mikwaruzo imeingia rangi ya ile timu nyingine, kijani, mistari mistari kama mtu kakwangua na funguo. Nikaipitishia kidole. Nikawaza haya ni ya mechi moja tu, mazoezini je. Na sasa msimu umerefushwa, Ohio State walicheza mechi 16 mwaka huo, 16, watoto wa chuo.

Usiseme natishwa na habari za mtandaoni. Wale madaktari wa Boston walitoa utafiti wao 2017, walipima bongo za wachezaji waliofariki, za waliofika NFL 111 wakakuta CTE, ule ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, kwenye 110, na waliocheza mpaka chuo tu, kama wewe, 48 kati ya 53. Najua utanijibu kwamba zililetwa na familia zilizokuwa tayari na wasiwasi, ni kweli, wenyewe walisema, kwa hiyo sio kwamba kila anayecheza ataumwa. Lakini mi sihesabu wachezaji wote, mi nahesabu mmoja.

Na sheria iko upande wako. NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, wanasema mchezaji akionyesha dalili anatolewa apimwe, na akikutwa ubongo umetikisika harudi siku hiyo, kocha apende asipende. Unaogopa yule kijana mgeni aliyehamia kwenu atachukua nafasi yako, Neema kanambia na hilo pia. Aichukue. Hata ukikosa msimu wote, ile sheria ya tangu 2018 iko, ukicheza mechi zisizozidi 4, mwaka huo haukatwi kwenye miaka yako ya kucheza chuoni, na hujaitumia bado. Kuhusu skolashipu, usibebe mawazo ya ada kichwani kwako, hiyo ni kazi yangu, nikiongeza shifti za usiku ghalani tutafika. Nilisema maneno makali mwaka ule kuhusu pesa, lile la kwamba bila mpira hatuna chuo. Usilishike hilo.

Halafu gari. Umeondoka nalo taa ya oili inawaka na hukusema (unaona tabia yako?). Lipeleke kabla kambi haijaanza, sio baada. Neema anaanza kujifunza kuendesha, nimemwambia atatumia langu, lako simpi. Matembele nyuma ya nyumba yamekubali mwaka huu, nimechemsha kidogo nikayagandisha, ukija chukua, na uache kula kuku wa boksi kila siku. Bibi yako Korogwe anakusalimia sana, macho yanamsumbua, nimetuma pesa ya miwani. Bado anajua unacheza mpira wa miguu, winga wa kulia, ndo nilivyomwambia na sijapata namna ya kumwambia vingine, kwa hiyo ukiongea naye usimtumie zile video za kugongana.

Usisahau zile fulana za joto, ziko kwenye begi la bluu chini ya kitanda cha Neema.

Nataka vitu viwili kabla ya Jumapili. Namba ya yule dada wa huduma ya kwanza wa timu, nitampigia, na najua utaona aibu, vumilia. Na uende mwenyewe ukamwambia ya mwezi wa nne, ukiwa na akili zako, kabla hujavaa helmeti. Baba yako mdogo anasema niache, wewe ni mwanaume sasa. Mwanaume sawa, nimekuzaa mimi. Ukishaongea naye nitumie ujumbe, hata neno moja, hata usiku nikiwa ghalani, simu nitakuwa nayo mfukoni.

Mama yako