Nyigu, nge na taa ya duara: barua kwa somo yangu aliyeko Maskati

Unguja, Jumapili usiku

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nakuarifu sote wazima, alhamdulillahi, ila mdogo ana mafua na mama anakudai bado ile bakhuri uliyomuahidi.

Picha zako mbili zimefika. Juzi nilizitazama barazani, jana nikenda nazo gereji nikamuonesha fundi, na leo nimeona nikae nikuandikie barua nzima. Kwa sauti tungeishia kucheka na kutiana ujinga kama kawaida yetu, na hichi chombo unachotaka kununua bei yake si ya kuchekea.

Umeuliza neno moja tu: katika pikipiki hizo mbili za Kawasaki, ipi nzuri, Z900 au Z900RS? Na najua kwa nini umeniuliza mimi. Unangoja niseme RS, ile yenye taa ya duara na tangi mfano wa tone la maji, upate kuniambia "mzee wa vespa kachagua ya kizee". Basi subiri.

Fundi, kabla sijafungua mdomo, aliitazama Z900 akauliza, "Hii imekasirika nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini hakukosea. Taa zimekunja uso, mkia umesimama kama wa nge anayetaka kupiga, kila pembe inaweza kumkata mtu. Kawasaki wenyewe wana neno la Kijapani kwa sura hiyo, sugomi, haiba ya kutisha. Maana yake fundi wa Mwanakwerekwe ameisoma pikipiki vile vile walivyotaka walioichora. Huo nao ni ustadi, nami sitawanyima.

Ukizivua nguo, hizo mbili ni watoto wa baba mmoja. Injini yao ni ile ile, silinda nne, cc 948, ya kupozwa kwa maji. Zote zimetoka mwaka 2017. Mmoja kavaa nguo za kazini, mwengine kavishwa koti la babu, na babu mwenyewe ni Z1 ya mwaka 1972, cc 903, ambayo ilipozwa kwa upepo. Hapo kwenye upepo ndipo roho yangu ilipokwama.

Chukua picha ya RS, ikuze, tazama ubavuni mwa kichwa cha injini. Unaziona zile mbavu, zimechongwa safi, mstari juu ya mstari? Mbavu za injini kazi yake ni moja, kukiongezea chuma nafasi ya kuguswa na upepo ili joto litoke. Z1 ilikuwa nazo kwa sababu haikuwa na rejeta. Ungezikata, injini ingeungua. RS rejeta inayo, hiyo hapo mbele nyeusi imekaa, na maji yanazunguka ndani. Mbavu zile hazipozi kitu. Ni wanja.

Tazama na maringi yake. Kwa mbali utadhani ni ya spoku, kumbe yamemiminwa mazima, vijiti vikafanywa vyembamba ili vionekane hivyo. Hata fremu ilibidi waibadilishe ili lile tangi la tone lipate kukaa. Nimezoea mshoni akate kitambaa kufuata mwili, sijazoea mwili ukatwe kufuata kitambaa. Wala si Kawasaki peke yao. Triumph wa Uingereza walipoacha kabureta kwenye pikipiki yao ya Bonneville wakaweka mfumo wa kupulizia mafuta, ile sehemu ya kupitishia hewa wakaifinyanga ifanane na kabureta. Mtu anaegesha, wenzake wanainama kutazama, wanasifu kabureta ambayo haipo.

Mwaka jana uliniambia kwamba wapenda pikipiki za zamani hawapendi pikipiki, wanapenda ujana wao. Neno zuri, lilinikaa wiki nzima. Lakini somo, ujana gani? Z1 inatoka, mimi na wewe hatujazaliwa. Vespa PX ilipoanza kutoka Italia mwaka 1977 pia hatujazaliwa. Mimi PX yangu, ya mjomba, niliikuta kuukuu tayari, imepigwa rangi mara tatu, inatoa moshi kama jiko la mama ntilie. Sikuipendea ujana. Niliipenda siku ilipofunguliwa nikaoneshwa kila kitu chake kiko pale kwa nini.

Najua utakaponirukia: "Wewe unayesifia chombo kinachoonesha kazi yake, vipi unapenda vespa iliyofunika kila kitu kwa bati?" Swali la haki. Lakini lile bati ndiyo fremu yenyewe. Ndani hamna mabomba ya fremu kama ya pikipiki. Ngozi ndiyo mfupa. Corradino D'Ascanio, aliyeichora kwa ajili ya kampuni ya Piaggio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda hata kidogo: zinachafua nguo, na tairi likipata pancha ni mtihani kulitoa. Akaiweka injini pembeni ya ringi la nyuma, cheni akaiondoa kabisa. Ringi la mbele akalishika kwa mkono wa upande mmoja, kama mguu wa ndege, ukifungua nati linatoka kama la gari. Haya yote mwaka 1946, Italia imetoka vitani haina kitu. Enrico Piaggio alipoiona, kiuno chembamba, makalio mapana, inanguruma, akasema yafanana na nyigu, na vespa kwa Kitaliano ni nyigu huyo huyo. Kwa hiyo wewe unamcheka mwenye nyigu huku unataka kumpanda nge.

Na kwetu hapa lile umbo lina kazi ambayo D'Ascanio hakuipigia hesabu. Mtu wa kanzu hupanda vespa bila ya kukunja kanzu mpaka magotini, maana mbele hakuna tangi la kurukia. Mwenye buibui hali kadhalika. Ijumaa simama Darajani baada ya sala utazame, ndipo utajua kwa nini chombo hichi kimekaa Unguja miaka yote hii. Jaribu kuipanda Z900 na kanzu yako ya Kiomani halafu nitumie picha, nitaibandika gereji.

Taa nayo ilikuwa duara kwa sababu, si kwa urembo. Globu moja, nyuma yake bakuli la kung'aa la kukusanya mwanga na kuusukuma mbele, na bakuli ni duara. Leo taa ni za LED, vidoto vidogo vidogo, unaweza kuvipanga mstari au pembetatu, hata umbo la jicho la papa. Z900 imekunja uso kwa sababu siku hizi uso unakunjika. Hiyo ni kweli ya zama zake. RS ndani ya duara lake ina LED hizo hizo, zimetiwa kwenye bakuli wasilolihitaji.

Sasa umeshaona naelekea wapi, na nakuona hapo ulipo unatabasamu. Ndiyo. Kwa sura, mimi mzee wa vespa nakwambia chukua Z900. Naiona mbaya, naiona mbaya kweli kweli, siti yake ya nyuma ni kipande cha mkate wa boflo, na plastiki zake zikigusa ukuta mara moja utalia. Ila haijasema uongo. Ekzosi fupi, imewekwa chini, ili uzito ukae kati. Mkia mfupi ni kwa sababu hiyo hiyo. Inaonekana ya leo kwa sababu ni ya leo. Baada ya miaka thelathini mtoto wa mtu ataiokota uani kwa mtu, atauliza kwa nini taa zilikuwa na hasira, na patakuwa na jibu la kumpa.

Hapa najua utaitoa ile pikipiki ya Katana, kadi unayoipenda. Kweli, Suzuki walipoionesha Cologne, Ujerumani, mwaka 1980, kazi ya Hans Muth na wenzake wa Target Design, wapo walioicheka, pua kama panga na siti imepasuliwa rangi mbili. Leo ndiyo inayotafutwa, na Suzuki wenyewe wameirudisha jina na uso mwaka 2019. Kumbe ya kisasa ya jana ndiyo ya kizamani ya leo, na ugomvi wetu ni wa kalenda tu? Nusu nakubali. Lakini si kila kinachochekwa huja kupendwa. Ducati wa Italia walikuwa na pikipiki yao ya 916 ya mwaka 1994, ya Massimo Tamburini, uzuri ambao hata mimi sina la kusema. Wakaja kuipa kiti chake 999, taa zimepandishwa moja juu ya nyengine kama madirisha ya ghorofa. Pikipiki nzuri kwa kuendesha, lakini wenyewe wapenzi wa Ducati walinuna, na mwaka 2007 ikaja 1098, taa zimerudi kukaa ubavu kwa ubavu kama za 916. Watu hawakutaka mapya, walitaka yale yale yaliyonyooshwa pasi. Sasa walikuwa wamekosea? Sijui nikuambie nini. Kila nikiiona picha ya 999 naanza kuipenda, na hilo linanitia wasiwasi juu ya macho yangu.

Na nisijitie usafi. Siku nilipokuwa naandaa hii khutba ya kuwa kila kitu kiwe na kazi yake, nilitoka nje nikaitazama vespa yangu. Vioo vinne. Viwili vya mbele vinanionesha viwiko vyangu, viwili vya pembeni havinioneshi kitu, na vyote vinang'aa. Keria ya kromu nyuma, ambayo sijawahi kufunga hata gunia la viazi. Halafu taa: ile globu ya asili ilikuwa inatoa mwanga wa kibatari, nikaogopa barabara ya Bububu usiku, nikamwambia fundi anitilie LED ndani ya bakuli la zamani. Yaani nimefanya vile vile walivyofanya Kawasaki, dhambi niliyoiandikia ukurasa mzima hapo juu. Fundi aliponikumbusha jana nilimwambia aendelee na kazi.

Kuna tafauti, najitetea: mimi chombo kilikuwepo, nimekitibu ili kiishi, wao wamezaa mtoto wakamtia mvi. Lakini ukiniambia tafauti hiyo ni nyembamba kama zile spoku za kumimina, sitagombana nawe sana.

Sasa tuache sura. Z900 ilitoka na nguvu za farasi 125, na RS ikapunguzwa hadi 111, lakini nguvu zake zinapatikana mapema, kabla hujaizungusha injini kwa kasi. Wewe asubuhi uko kwenye foleni ya magari kutoka Seeb. Farasi 125 wa nini kwenye foleni? Kile kilima cha kutoka Bausher kwenda Amerat utakipanda mara ngapi kwa mwezi, mara mbili? Usukani wa RS ni wa kukaa umenyooka, na siti yake ni ndefu, sawa, ya watu wawili wanaojuana. Shemegi yangu amekwambia anataka RS, na wewe umeniandikia hilo kwa mstari mmoja mdogo chini kabisa, kama mtu anayeficha risiti. Nimeuona. Hakusema RS kwa ajili ya taa ya duara, somo. Ameona kile kipande cha boflo.

Nenda naye dukani. Umpandishe nyuma zote mbili, kila moja dakika tano, na usimwambie mimi nimeandika nini kuhusu mbavu. Akishachagua yeye, nipigie simu unipe habari, na kama ni RS nitakuja Maskati na patasi nizing'oe zile mbavu kwa mikono yangu.

Mtu akipatikana wa kuja huku kabla ya Ramadhani, mpe waya wa klachi wa PX, uwe wa Kitaliano kama utauona, na waya mmoja wa gia. Hizi ninazozinunua huku zinakatika kabla hazijamaliza miezi miwili. Na bakhuri ya mama.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako wa Unguja