Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mabegi ya dharura ya watoto yafike kwenye kata kabla ya mvua

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: MABEGI YA DHARURA KWA WATOTO WAKATI WA MAAFA

Kwa heshima na taadhima, mimi mkazi wa Pangani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ninakuomba uagize kila kata iliyo katika hatari ya mafuriko au maporomoko ya ardhi iwe na akiba ya mabegi ya dharura ya watoto kabla masika hayajaanza.

Mvua za Oktoba 2019 zilisomba madaraja na kukata barabara ya Korogwe–Handeni. Akiba iliyofungiwa katika ghala la mjini, hata ingekuwa kubwa kiasi gani, haimfikii mtoto aliye ng'ambo ya daraja lililokwenda na maji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, na kwa maoni yangu kamati isiyo na kitu cha kugawa siku ya kwanza haijakamilika.

Misaada inayotangulia kwa kawaida ni unga, maharage na mablanketi, nayo tunaipokea kwa shukrani. Lakini mtoto mdogo baada ya mafuriko huuawa upesi zaidi na kuhara kuliko njaa, kwa sababu visima na vyoo vimechanganyika. Pakiti moja ya ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini kwa anayehara, huchanganywa na lita 1 ya maji salama: maji yakipungua, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto, yakizidi, dawa inakosa nguvu. Mama aliyetoka nyumbani na khanga aliyojifunga atapimia nini? Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ndani ya begi, pamoja na ORS, vidonge vya zinki na vya kutibu maji, iwemo chupa yenye alama ya lita 1. Bila chupa hiyo tutakuwa tumegawa nusu ya dawa.

Kiwemo pia kifuko cha plastiki kisichoingiza maji cha kuhifadhia kadi ya kliniki, maana kadi ikilowa wino hutawanyika na chanjo za mtoto hazisomeki tena, kadi ngumu yenye jina la mtoto, kijiji chake na namba ya simu ya mzazi, filimbi, na taulo za kike kwa wasichana waliovunja ungo. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea visigawiwe kiholela, kwani pasipo maji safi ya kuoshea chupa huleta maradhi yaleyale tunayoyakimbia. Mama anayenyonyesha asaidiwe kuendelea kunyonyesha.

Ninaomba vilevile begi la Lushoto lisifanane kila kitu na la Pangani: milimani mtoto aliyelowa anahitaji sweta na blanketi kabla ya usiku kuingia, na huku mwambao chandarua chenye dawa ndicho cha kwanza.

Mabegi yahifadhiwe katika zahanati au shule iliyo kwenye mwinuko, na mganga mfawidhi akague tarehe za dawa mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, ili zinazokaribia kuisha muda zitumike zahanatini na kubadilishwa. Tunaomba agizo hilo litolewe mapema, wakati barabara bado zinapitika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Pangani