Hamisi, kuhusu jina la mtandao kwenye Nokia ya Mama

Tanga

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, na nimefurahi sana kusikia Mama anatembea tena bila mkongojo. Mfikishie shikamoo yangu.

Nimekuelewa kuhusu ile Nokia 3310 yake inayoandika Mobitel hadi leo, wakati kampuni ilishageuka Tigo na tangu Novemba 2024 ni Yas. Kwanza mtoe Mama wasiwasi: laini yake haijafungiwa. Mnara haujitambulishi kwa jina, unatangaza tarakimu. 640 ni Tanzania, 02 ni mtandao wenyewe, na hizo hazikuguswa jina lilipobadilishwa. Simu ikishazipata inaingia kwenye jedwali lililowekwa kiwandani, inachukua jina lililoandikwa mbele yake na kulionyesha. Simu iliyotoka mwaka 2000 itajuaje yaliyokuja baadaye? Ndiyo maana ukiweka laini ya Halotel, iliyoanza kazi 2015, kwenye simu za rika hilo, nyingine zinaonyesha namba tupu. Simu za siku hizi hazipati shida hiyo kwa sababu mtandao wenyewe huzitumia jina zinapojisajili.

Unasema kuna fundi hapo mjini anataka kuiflashi, yaani kuiandika upya programu ya ndani ya simu, abadilishe jina ndani ya jedwali. Inawezekana, lakini usimpe. Anayefanya hivyo analisoma faili lote la simu, analitafuta jina kwa herufi zake, halafu anaandika jipya juu yake, na lazima litoshe pale pale. Yas litaenea lilipokaa Mobitel, ila jina refu lingekula data ya jirani. Baada ya hapo kuna hesabu ya uhakiki ambayo simu huikagua kila inapowaka. Isipolingana, unapata CONTACT SERVICE kwenye kioo na simu haipigi wala haipokei. Fundi asiyehifadhi nakala ya faili la awali atakuachia kopo. Kwa simu ambayo Mama ameizoea miaka yote hii, mimi sikubali.

Kuna njia salama zaidi, nayo ni nembo. Nokia hizi zinakubali picha ndogo ya nukta nyeusi, upana 72 na kimo 14, ikae mahali pa jina. Kioo chote kina upana wa nukta 84, hivyo zinazobaki pembeni ni za mistari ya mawimbi na betri. Chora YAS kwa herufi nene, nukta mbili kila mstari, maana macho ya Mama si ya jana. Picha hiyo inafungwa pamoja na tarakimu za mtandao, na simu inaionyesha tu ikiwa imeshika mtandao huo. Ndani ya ujumbe unaobeba nembo kwenda kwenye simu, tarakimu hizo zinaandikwa kwa kugeuzwa mbilimbili: 640 02 inakuwa 46 F0 20, na F inajaza tu nafasi iliyo tupu. Ukikosea hapo nembo inaingia lakini huioni, na watu wengi hukata tamaa wakidhani simu mbovu.

Kuituma, unahitaji kebo inayogusa vile vituo vidogo vya shaba chini ya betri, na kompyuta yenye Linux na gnokii, programu ya kuzungumza na simu za Nokia. Ninayo kebo, nitakutumia kwa basi. Jedwali halijaguswa, na ukichoka nembo inaweza kuondolewa.

Kadi ya laini nayo ina sehemu ya jina, herufi zisizozidi 16, lakini ufunguo wake anao mwenye mtandao. Hapo hatuna la kufanya.

Jambo moja nakusihi. Boksi la kuflashi linaweza kugusa na IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, na wapo watakaokuambia wakubadilishie palepale kwa bei ndogo. Kataa kabisa. Hilo ni kosa la jinai, na unakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilivyozima simu zenye IMEI bandia. Jina kwenye kioo ni pambo. IMEI ni kitambulisho.

Kabla sijaituma kebo, bonyeza *#0000# kwenye simu ya Mama uniandikie mistari yote inayotokea. Wa mwisho ukisomeka NHM-5, namba ya aina ya 3310, ndiyo yenyewe. Na uangalie vile vituo chini ya betri kama vina kutu; vikiwa nayo, visugue taratibu kwa kifutio cha penseli, usitumie kisu.

Wako,
Saidi