Insulini isiwekwe kwenye buti la basi

Mhariri,

Abiria wengi wenye kisukari wanaosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Bukoba huiacha insulini kwenye begi la nguo, na begi likaingia buti. Tunawasihi wasifanye hivyo. Joto la humo huidhoofisha dawa, na sukari hupanda hata kama dozi imechomwa sawasawa. Kaa nayo kwenye siti, mbali na dirisha lenye jua.

Wengine huizungushia barafu. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwani insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Barafu ifungwe kwa taulo, isiguse kichupa.

Kabla ya kuchoma, itazame kwenye mwanga. Ile angavu ikiwa na ukungu, itupe. Ile nyeupe kama maziwa iviringishe taratibu viganjani. Mabonge yakibaki au chembe zikiganda ukutani mwa kichupa, usiitumie. Beba akiba mara mbili ya mahitaji yako, maana basi huharibika njiani. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kamwe si mfuko wa nyuma ya siti: anayefagia basi atachomwa.

Wauguzi wa kliniki ya kisukari,
Dodoma