Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nyumba za Nje ya Nchi kama Kitega Uchumi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama na taarifa ya wakaguzi mmeshagawiwa, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi hii naitumia kwa suala lililotawala vikao vya kamati mwaka huu: ununuzi wa nyumba na fleti nje ya nchi kwa ajili ya kupangisha. Msimamo wa kamati ni huu: kabla hujauliza nyumba itaingiza kiasi gani, piga hesabu ya namna utakavyoiuza na njia ambayo fedha zitapitia hadi zikurudie mkononi. Nyumba isiyopita hapo haifai, hata iwe na mandhari gani.

Faida zipo, na hatuzibezi. Mtu ambaye akiba yake yote iko katika soko moja na sarafu moja hupata kinga akiwa na pango linaloingia kwa sarafu nyingine iliyo imara. Penye mikopo ya nyumba ya miaka 25 au 30, mpangaji husaidia kulipa deni. Kibali cha ukaazi kinachotolewa kwa anayenunua nyumba, ambacho madalali hukitanguliza, ndicho cha kutegemewa kidogo kuliko vyote. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika mpango wake wa vibali Oktoba 2023. Uhispania ilifunga wake tarehe 3 Aprili 2025. Ugiriki ilianza na euro 250,000. Tangu Septemba 2024 kima cha chini kwa Athens na mkoa wake ni 800,000. Uturuki ilipandisha kima cha kupata uraia kutoka dola 250,000 hadi 400,000 mwezi Juni 2022. Aliyekubali kulipa bei ya juu kwa sababu ya kibali hatapata mnunuzi wa kumrudishia ile nyongeza mpango ukishafungwa.

Hesabu ya pango

Matangazo hutaja pango ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama na kodi. Tuchukue fleti ya 200,000, kwa sarafu yoyote, inayotangazwa kuwa na faida ya asilimia 6, yaani pango la 12,000 kwa mwaka. Ongeza kwanza gharama za kununua: ushuru wa kuhamisha umiliki, wakili, usajili, mthamini na ada za benki. Tukiziweka asilimia 10 ya bei, umeshatoa 220,000. Sasa anza kukata. Mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, 1,000. Wakala wa kusimamia akichukua asilimia 10 ya anachokusanya, 1,100. Ada ya huduma za jengo, 2,400. Matengenezo, tenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba, 2,000. Bima na kodi ya majengo, 700. Zinabaki 4,800. Kodi ya mapato ya asilimia 20 inachukua 960. Kilichobaki mkononi ni 3,840, ambacho ni asilimia 1.7 ya fedha ulizoweka.

Hapo kodi imetozwa kwenye faida. Kuna mahali hutozwa kwenye pango lote. Marekani, mwenye nyumba asiye mkazi ambaye hajachagua rasmi kutozwa kwa faida halisi hukatwa asilimia 30 ya pango ghafi. Katika mfano wetu hiyo ni 3,300 kati ya 11,000 zilizokusanywa, na mkononi hubaki 1,500. Tofauti hiyo huletwa na karatasi tu: namba ya mlipakodi, tamko la kuchagua na ritani inayowasilishwa kwa wakati. Uliza pia kama kuna mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili kati ya nchi mbili zinazohusika. Usipokuwepo, unaweza kulipa huko kisha ukadaiwa na nyumbani.

Ada ya huduma za jengo nayo si ya kupuuzwa. Hupangwa na mkutano wa wamiliki au msimamizi, na hupanda bila kujali kama una mpangaji. Kila lifti, bwawa na ukumbi wa mazoezi unaosifiwa kwenye picha ni mstari mmoja kwenye bili hiyo. Omba bajeti za jengo za miaka mitatu iliyopita na uone salio la mfuko wa matengenezo makubwa. Mfuko ukiwa mtupu na paa limechakaa, mchango maalumu unakusubiri.

Kuhusu sarafu, mfano wa Uturuki unatosha. Mwisho wa 2020 dola moja ilikuwa takriban lira 7.4, mwisho wa 2024 ilizidi lira 35. Nyumba ambayo bei yake kwa lira iliongezeka mara nne katika miaka hiyo ilikuwa bado imeshuka thamani kwa dola. Pango na mkopo vikiwa katika sarafu moja, hatari hupungua. Pango la lira na mkopo wa euro ni kujitafutia shida.

Anayepanga kupangisha kwa watalii asome kanuni za mji, asiishie kwenye sheria za nchi. Barcelona imetangaza kwamba leseni za fleti za watalii hazitahuishwa, na lengo ni ziishe ifikapo Novemba 2028.

Nani anaruhusiwa kumiliki, na nini

Swali hili huulizwa kwa kuchelewa. Thailand, mgeni hawezi kumiliki ardhi. Anaweza kumiliki fleti ndani ya jengo la wamiliki wengi mradi wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la fleti. Meksiko, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na 100 kutoka mpakani, mgeni hununua nyumba ya kuishi kupitia amana inayoshikwa na benki kwa miaka 50 inayoweza kuhuishwa. Kenya, kwa katiba ya 2010, asiye raia hupata ardhi kwa kukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99. Kanada na Australia zimewafungia wageni kwa muda, kwa misamaha michache: Kanada nyumba nyingi za makazi hadi 1 Januari 2027, Australia nyumba zilizokwisha kujengwa hadi 31 Machi 2027. Singapore haijafunga mlango, ila tangu Aprili 2023 mgeni huongezewa ushuru wa asilimia 60 ya bei.

Penye katazo, atatokea mtu wa kukushauri uandikishe mali kwa jina la mwenyeji au kampuni ya wenyeji wa kukodi. Kamati inasema wazi: usikubali. Mkataba wa pembeni unaokulinda dhidi ya huyo mwenyeji ni ule ule unaovunja sheria, hivyo hutaweza kuupeleka mahakamani.

Hati ikaguliwe na wakili uliyemtafuta wewe, si aliyeletwa na mjenzi. Achukue dondoo la daftari la ardhi mwenyewe, mara moja kabla ya kusaini na mara ya pili siku ya kulipa, kwa sababu rehani au zuio linaweza kuandikishwa katikati. Alinganishe jina la muuzaji na pasipoti yake, mipaka na ramani, ukubwa wa nyumba na kibali cha ujenzi. Chumba kilichoongezwa bila kibali unakinunua pamoja na amri ya kukibomoa. Kisha atafute madeni. Uhispania, deni la ada za jengo la mwaka unaoendelea na miaka mitatu iliyotangulia huifuata nyumba, kwa hiyo mnunuzi ndiye atakayebanwa. Cheti cha msimamizi wa jengo kinachoonyesha kwamba hakuna deni ni karatasi moja tu, na muuzaji anayekwepa kukitoa ana sababu yake.

Arbuni, yaani malipo ya awali ya kushikilia nyumba, nayo ina sheria zake. Uhispania hiyo hiyo, kwa desturi ni asilimia 10 ya bei. Mkataba ukiwa wa aina inayoruhusu kujitoa, mnunuzi akijitoa anaipoteza na muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Ukitegemea mkopo, iandikwe kwamba benki ikikataa arbuni inarudi. Bila sentensi hiyo, hairudi.

Kutuma fedha

Wizi unaofanyika zaidi hatua hii ni mwepesi: barua pepe ya wakili inadukuliwa, na siku mbili kabla ya malipo unapokea ujumbe wenye namba mpya ya akaunti. Piga simu kwa namba uliyoipata mwanzoni, usitumie iliyo kwenye ujumbe, kisha mtu akusomee akaunti tarakimu kwa tarakimu. Tunza kila stakabadhi ya benki. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa ni kweli neno kwa neno: Thailand hutaka uthibitisho wa benki kwamba fedha za fleti ziliingia kutoka nje kwa sarafu ya kigeni, na karatasi hiyo hiyo ndiyo utakayoihitaji kuzitoa ukishauza.

Kwa nyumba za kununuliwa kwenye ramani, yaani kabla hazijajengwa, Dubai ilitunga Sheria namba 8 ya 2007 inayotaka malipo ya wanunuzi yaingie kwenye akaunti ya amana ya mradi husika. Hakikisha akaunti uliyopewa inataja mradi, si kampuni ya mjenzi. Hata hivyo akaunti ya amana haikulindi na bei: baada ya 2008 bei za Dubai ziliporomoka, na waliokuwa katikati ya awamu za malipo walidaiwa bei ya zamani kwa nyumba ya bei mpya.

Hatari inaweza pia kutoka nyumbani kwa mnunuzi. Wachina wengi walinunua fleti za Forest City, mji uliokuwa ukijengwa juu ya visiwa vya kufukiwa baharini huko Johor, Malaysia. China humruhusu raia kubadilisha fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, na kuanzia Januari 2017 fomu za benki zilimtaka aahidi kwamba haziendi kununua nyumba nje. Waliobakiza awamu wakakwama. Agosti 2018 waziri mkuu wa Malaysia, Mahathir Mohamad, akasema wageni hawatapewa viza za kuishi huko, na soko la kuuzia likasinyaa.

Kuuza na kurithisha

Marekani, anayenunua kutoka kwa mgeni kwa kawaida huzuia asilimia 15 ya bei na kuipeleka mamlaka ya kodi. Nyumba ya dola 300,000 inaweza kuzuiwa 45,000 hata kama umeuza kwa hasara, na hurejeshewi hadi kodi yako ikokotolewe. Uhispania huzuia asilimia 3. Weka hilo kwenye mpango wako, hasa ikiwa fedha za mauzo ndizo zitakazolipa deni jingine. Uingereza, baada ya moto wa jengo la Grenfell Juni 2017, fleti nyingi zenye kuta za nje za mashaka zilikosa wanunuzi wa mkopo kwa muda mrefu ingawa wamiliki hawakuwa na deni hata senti. Omba cheti cha usalama wa moto kabla ya kununua, kwa sababu mnunuzi wako atakiomba.

Mirathi wengi hawaigusi. Mgeni asiye na makazi ya kudumu Marekani husamehewa dola 60,000 tu za mali iliyoko huko. Zinazozidi hutozwa kodi ya mirathi kwa viwango vinavyofika asilimia 40. Uingereza hutoza asilimia 40 juu ya kinachozidi pauni 325,000. Wosia wa nyumba ya nje uandikwe na wakili wa huko, naye asome ule wa nyumbani, maana sentensi ya “nafuta wosia zote zilizotangulia” imeshafuta wosia ambao mwenyewe hakukusudia kuufuta.

Maombi kwa mkutano

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo matatu. Fedha za mfuko wa chama zisiwekwe kwenye nyumba ya ramani nje ya nchi. Kila mradi utakaoletwa mbele ya wanachama uambatane na hesabu ya pango halisi kama iliyo hapo juu, pamoja na makadirio ya kuuza baada ya miaka mitano kwa bei ile ile iliyonunuliwa. Na dalali yeyote atakayepewa nafasi ya kuzungumza ataje kwanza, kwa maandishi, kamisheni yake na nani anayemlipa.