Anayedaiwa ndiye aandikishe deni

Ndugu Mhariri,

Septemba 2022 nilipeleka gunia 40 za mahindi na 12 za maharage katika shule moja ya bweni ya serikali hapa mkoani Tanga. Mtunza stoo alihesabu, akasaini, akagonga mhuri. Jumla Sh6,880,000. Mpaka leo sijalipwa. Jibu ni lile lile: mama, deni lako lipo kwenye uhakiki.

Nimeshahakikiwa mara tatu. Kila mara natoa nakala upya na kushinda kwenye benchi, mimi ndiye wa kuthibitisha kwamba wale watoto walikula.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu deni. Wengi tunakumbuka kwamba deni liandikwe. Tunasahau nani wa kumtajia mwandishi maneno: ni yule anayedaiwa, naye asipunguze kitu. Na viwango vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, ambavyo Serikali yetu ilianza kuhamia mwaka 2012, vinasema jambo la aina hiyohiyo: mzigo ukipokelewa, mdaiwa anaingiza deni vitabuni mwake, hata kama fedha haijatoka. Deni halizaliwi siku ya uhakiki.

Mimi usiku uleule niliandika daftarini ninachodaiwa na wakulima wanne wa Kilindi walioniamini kwa mdomo tu. Februari niliuza kiwanja changu cha Pongwe, nikawalipa.

Riba siitaki, hata nikipewa. Ndiyo maana ucheleweshaji unaniumiza zaidi: deni langu haliongezeki hata senti, na bei ya gunia haikunisubiri.

Kuna na zaka. Sisi Mashafi, Waislamu tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, deni lililo kwa mwenye uwezo anayelikubali hutolewa zaka kila mwaka. Likikanwa na huna ushahidi, husubiriwa mpaka lipatikane. Kila Ramadhani shehe wangu ananiuliza: wanalikubali au wanalikana? Mhuri wao ninao, lakini wenyewe hawajawahi kunitamkia ndiyo wala hapana.

Naomba hivi: kila Juni 30 hesabu zinapofungwa, kila taasisi ya serikali impe mzabuni wake barua yenye kiasi anachodai na tarehe mzigo ulipopokelewa. Karatasi moja, yenye saini ya mhasibu.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Tanga