Wafundisheni pia kusema "sijaelewa"

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee na hawa vijana wetu wanaosoma Kijerumani hapa town, na zaidi niongee na wale wanaowafundisha. Tangu ule mkataba wa Kenya na Ujerumani wa watu wetu kwenda kufanya kazi kule utiwe saini kule Berlin Septemba 2024 mtaani ni Ujerumani tu, ukipanda matatu ya Umoja jioni hukosi msichana ameshika kitabu anakariri der, die, das, na mimi siwalaumu hata kidogo, kazi hapa ni shida na mimi mwenyewe nilienda. Ila ile habari ya nafasi 250,000 za kazi iliyoenea wakati huo, serikali ya Ujerumani yenyewe ilitoka ikasema mkataba hauna nambari yoyote. Kwa hivyo ajenti akikuambia nafasi yako imeshatengwa mle ndani ulipe leo leo isipotee, shika pesa yako, kwanza uende uangalie kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Mimi ni nesi. Nilifanya kazi miaka minne kwa nyumba ya kutunza wazee kwa mji mdogo huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nikarudi mwaka jana mamangu alipougua. Sasa binti ya dada yangu ameanza darasa, anakaa kwangu, na kila jioni nikimsikiliza naona wanampeleka njia ile ile walionipeleka mimi. Ni karatasi tu. Pasipoti, cheti cha polisi, mitihani ya Kijerumani ya B1 na B2, viza, picha za viza ziwe hivi na hivi. Hakuna mtu amekaa chini akamwambia hiyo kazi yenyewe inakuwa vipi saa kumi na mbili asubuhi umeingia zamu, nje ni giza na baridi, na watu wanakutegemea.

Wacha nianze na hii ya heshima kwa sababu ndio ilinichanganya mapema. Mkubwa wangu, mama wa miaka karibu 60, siku ya kwanza aliniambia nimuite kwa jina lake tu, bila madam bila nini. Nilishindwa kabisa, mdomo ulikataa, nilikuwa nazunguka namtafuta mpaka aniangalie ndio nianze kuongea ili nisimuite jina. Halafu kuna nyanya mmoja pale nilimpenda sana, nikamuita Oma, yaani nyanya, kwa roho safi vile ningemuita shosho wa mtu yeyote hapa nyumbani, nikaitwa pembeni. Nikaelezwa huyo si nyanya yako, ana jina la ukoo, ni Frau fulani, yaani Bi fulani, na ukimuita Oma unamfanya kama mtoto. Kwa hivyo mkubwa unamuita jina, mgonjwa unampa cheo. Mambo yote nilikuwa nimeyashika kinyume na hakuna mwalimu aliniambia.

Lingine ni kuosha wagonjwa. Hapa kwetu kwa wodi nyingi jamaa wa mgonjwa ndio wanakuja kumsafisha na kumlisha, nesi ana dawa, ana dripu, ana mafaili. Kule nesi aliyesoma akamaliza ndiye anaosha mzee mwili mzima, anambadilisha nepi, anamsafishia meno ya bandia. Na cheti chako cha Kenya hakikubaliwi siku unayotua, unaanza kama msaidizi mpaka kitambuliwe, na wengi wetu tulipitia mtihani mwingine au miezi ya mafunzo ya ziada ndio tukaitwa manesi. Nilikuwa na miaka sita kwa wodi hapa Nairobi na nikajikuta nimepewa beseni na kitambaa. Nililia kwa choo cha wafanyakazi wiki mbili mfululizo. Ilinichukua muda kuona kwamba ni hapo hapo kwa kuosha ndio unagundua kisigino kimeanza kuwa chekundu, kabla kidonda cha kulala hakijafunguka, na kwamba wale wenzangu Wajerumani hawakuwa wananidharau, walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo na mimi kitanda cha pili.

Lakini kilichonifanya niandike hii barua ni kitu kingine. Asubuhi moja, mwezi wangu wa pili, wa zamu ya usiku alikuwa anatupa ripoti, anaongea haraka na kile Kijerumani chao cha huko, maana wazee na hata wafanyakazi hawaongei kile cha darasani, na akasema jambo kuhusu mama mmoja na vinywaji vyake. Akaniangalia akauliza, umeelewa? Nikasema ja, yaani ndio. Sikuwa nimeelewa. Nilisema ja kwa sababu nimelelewa hivyo, mkubwa akikuuliza umeelewa unasema ndio, ukisema hapana ni kama unamwambia hajui kueleza, au wewe ni mjinga, na pia niliogopa kwa sababu muda wa majaribio ni miezi 6 na nilidhani wakijua lugha yangu ni hafifu nitarudishwa nyumbani. Nikaenda nikampa yule mama chai. Kumbe walikuwa wamesema ana shida ya kumeza, kila kinywaji lazima kitiwe unga wa kukifanya kizito ndio kisiingie kwa mapafu. Alikohoa mpaka akabadilika rangi. Mwenzangu alikimbia akamuinamisha akamsaidia, akapona, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini ile sauti bado naisikia.

Baadaye mkubwa wangu aliniita ofisini. Nilingojea kufukuzwa. Hakunipigia kelele, aliandika ripoti, halafu akaniuliza swali moja tu, kwa nini ulisema ndio? Akaniambia hapa ukiuliza mara tano hakuna atakayekasirika, lakini ukisema umeelewa tunakuamini na tunaondoka. Sikuwa na jibu. Ningemuelezaje kwamba kwetu kunyamaza ni adabu?

Kutoka siku hiyo nilitembea na daftari mfukoni, nikiambiwa kitu nakirudia kwa maneno yangu mbele ya aliyeniambia, nikikosea ananirekebisha. Mwanzo ni aibu sana. Baada ya miezi mitatu hivi hata wenyewe walianza kuningoja nirudie.

Ya pesa nitasema haraka. Msipige hesabu na ule mshahara ulioandikwa kwa mkataba, kwa mtu asiye na ndoa karibu theluthi inakatwa, kodi, bima ya afya, pensheni, halafu kuna nyumba. Na wale wanaoenda kusomea uuguzi kule kule, sheria yao iliyoanza 2020 inasema mwanafunzi halipi karo na analipwa kila mwezi, sasa mtu akiwaitisha hapa Nairobi pesa akisema ni karo ya shule ya uuguzi ya Ujerumani muulizeni ni karo gani hiyo.

Ninachoomba kwa hivi vyuo ni saa mbili kwa wiki, mbili tu, mtihani ukae kando. Mwalimu aongee haraka makusudi, aongee vibaya, aweke redio kwa sauti, halafu mwanafunzi azoee kusimama mbele ya mtu mzima na kusema samahani sijaelewa, rudia tafadhali, sasa nirudie mimi uone kama nimeshika. Waitwe watu waliorudi, tuko wengi hapa Nairobi, wengine wametulia tu nyumbani na hayo yote kichwani. Yule binti ya dada yangu nilimuuliza juzi kwa Kijerumani swali gumu nikaona macho yake yamepotea, na bado akatabasamu akanijibu, ja, anti.

Mimi niko tayari kuja Jumamosi kwa chuo chochote kitakachoniita, malipo sitaki, mnipe nauli tu. Daftari langu bado ninalo.

Nesi aliyerudi,
Umoja, Nairobi